Joto la Amplifaya Yangu

Ukija studio kwangu hapa Jinja, kabla hujapewa kiti utahubiriwa habari za amplifaya yangu ya zamani, ile yenye taa za kioo ndani. Ndivyo nilivyompokea Mafabi, mpiga gitaa wa kwaya kutoka Namakwekwe, Mbale. Alikuja na kiboksi cha kidijitali kinachoiga sauti za amplifaya.

"Hiyo ni kitu ya kuchezea, bwana," nikamwambia mbele ya wanakwaya wenzake. "Sauti yake haina joto."

Akaomba gitaa lipitie humo kwanza kabla ya kufika kwenye amplifaya, maana ndimo anamolinganishia nyuzi. Nikakubali kwa huruma. Amplifaya nikaifungia stoo pamoja na maikrofoni ya kunasa sauti yake, isiwasumbue majirani. Nyaya za kwenda kwenye laptopu ya kurekodia nikachomeka mwenyewe; mtaalamu asaidiwe na nani?

Mafabi akapiga. Nikavaa hedifoni, nikafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe. "Joto ndiyo hii!" nikapaza sauti. "Kompyuta itaweza?" Kiongozi wa kwaya akaitikia kwa heshima.

Hapo umeme ukakatika. Feni ikasimama, mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza, na kule stoo taa za amplifaya zikazima. Lakini laptopu ina betri, na kiboksi pia. Masikioni mwangu gitaa likaendelea kuimba, tamu vilevile.

Nikafuata waya kwa kidole kutoka kwenye laptopu. Ukanifikisha kwenye kiboksi. Waya wa maikrofoni ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

Mafabi hakuacha kupiga. "Mtaalamu," akauliza taratibu, "ile joto bado iko?"