Mashine Iliyooshwa Mno

Barua ilisema mkaguzi angefika Alhamisi saa nne, nami, katibu wa kikundi chetu cha alizeti pale Iguguno, niliibandika ukutani. Mashine ya kukamua mafuta tulipewa msimu uliotangulia na shirika la misaada la serikali moja ya Ulaya. Hawakutupa fedha mkononi. Waliagiza wenyewe, wakaleta fundi, wakabandika bendera yao ubavuni, kisha wakaahidi kwamba mkaguzi akiikuta inatumika, tutapata na mtambo wa kuchuja. Tuliuhitaji. Mafuta yetu yalikuwa na ukungu, na wanunuzi wa Singida mjini waliinua chupa juani, wakaitazama, wakairudisha mezani.

Mwenyekiti wetu ni mama anayeweza kukurudisha nyumbani kwa sababu ya kola chafu. Aliisoma barua mara moja tu.

"Mgeni wa serikali haoni uchafu wangu. Tunaosha."

Tuliosha siku tatu, kwa majivu, sabuni ya unga na brashi za viatu. Tulifungua kila kilichofunguka. Mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, tuliwagawia wenye ng'ombe hadi sakafu ikabaki tupu. Siku ya tatu mhazini alileta rangi ya kijani iliyobaki alipopaka madirisha yake. Tukaipaka mashine nzima, tukainusuru bendera tu.

Mkaguzi alifika saa nne kamili. Alikuwa dada mrefu mwenye Kiswahili cha darasani. Alimpa mwenyekiti shikamoo, akanipa na mimi niliye mdogo kwake. Niliitika marahaba, ningefanyaje? Kisha akaiinamia mashine, akanusa, akapitisha kidole panapotokea mafuta. Kikatoka kikavu.

"Mama, hii haijawahi kutumika."

"Imetumika msimu mzima."

"Haina hata harufu."

"Harufu tumeitoa," alisema mwenyekiti kwa fahari, kisha uso ukamshuka.

Nilileta daftari la zamu. Mkaguzi akasema daftari huweza kuandikwa kwa siku moja. Mhazini alileta chupa ya mafuta. Akaambiwa hata dukani yapo. Kalamu ilikuwa imeshaelea kwenye fomu, juu ya kisanduku cha "hapana".

"Nipe saa moja," alisema mwenyekiti. "Wakati huo unywe uji. Ukiondoka na njaa nitasemwa mimi."

Mwezi ule alizeti haikuwepo. Mavuno yalishauzwa, tunangoja mvua, na kila nyumba ilibakiwa na mbegu za kupanda tu. Mwenyekiti alirudi na debe lake la mbegu kichwani, akalimimina kwenye mashine.

"Sasa wewe utapanda nini?" aliuliza mhazini.

"Maneno yako. Yako mengi, yatatosha eka."

Mhazini akaenda kuleta debe lake.

Injini iliguruma. Kwanza yalitoka majimaji ya kijani ya sabuni na rangi, mkaguzi akarudi nyuma hatua mbili. Kisha yakatoka mafuta yenyewe, yakiwa na ukungu wake wote, na mashudu yakaanza kuanguka sakafuni. Tone moja likamrukia kwenye blauzi. Alilitazama, akalinusa, akacheka, akahamishia kalamu kwenye kisanduku cha pili.

Mtambo wa kuchuja ulifika kabla ya mavuno yaliyofuata. Mwenyekiti huusugua kila jioni kama sufuria zake. Lakini juzi mwanachama mpya alipoliendea kwa brashi doa la mafuta lililo chini ya mashine ya kukamua, mwenyekiti alimshika mkono.

"Hilo liache. Hilo ni la wafadhili."