Shikamoo Juu ya Kilima cha Mchanga

Durban imejaa mchanga, na sheria inakukataza kuupitishia tairi. Ukijaribu kuteremsha gari ufukweni, hata mita kumi tu upige picha, utakamatwa kabla hujavuta breki ya mkono. Njia za mchanga zilizo karibu ziko ng'ambo ya mpaka, Msumbiji, lakini nusu ya klabu yetu walikuwa na karatasi za ukimbizi, na karatasi hizo hazivuki mpaka. Basi Pasaka ya mwaka 2012, magari saba ya sisi wasema Kiswahili yalitoka Mobeni, mtaa wa viwanda wa Durban, alfajiri, yakaenda siku mbili nzima kuutafuta mchanga ndani ya nchi hii hii. Tulikwenda Kalahari, kwa mzungu mmoja mfugaji wa kondoo. Shambani kwake kulikuwa na vilima vya mchanga mwekundu, na klabu za magari alikuwa akiziruhusu kuja kucheza. Jirani yangu wa Greyville aliponiona napakia mabeleshi na madumu ya maji aliniuliza nakwenda kulima wapi.

Wenzangu walikwenda kucheza. Mimi nilikwenda kutafuta mke.

Mke mwenyewe alikuwa ameshapatikana. Alikuwa msusi katika saluni moja mjini, tulijuana kanisani kule Berea, na mpaka Pasaka ile tulikuwa na miaka miwili ya kupendana, kununiana na kupatana tena. Aliyebaki ni baba yake. Mkongo wa Uvira, dereva wa malori enzi za ujana wake, sasa muuza vipuri Mobeni, mlango wa tatu kutoka gereji nilikokuwa fundi. Klabu aliianzisha yeye, msafara aliuongoza yeye, na sote tulimwita Papa. Nilikwishamdokezea mara mbili habari ya binti yake, na mara mbili alitikisa kichwa.

Si kwamba alinichukia. Magari yake nilitengeneza mimi, na Jumapili nyingine nilikula ugali wa muhogo mezani kwake. Kilichomkera ni adabu yangu. Mimi mtu wa Tanga. Kwetu, ukitaka kuomba chumvi kwa jirani, unaanza na habari za asubuhi, za watoto, za mgonjwa, unaomba samahani kwa usumbufu, ndipo chumvi itajwe kwa mbali. Papa alilalamika kwamba hajawahi kujua ninawaza nini, kwa sababu kila anachosema namjibu sawa baba, hewala baba. "Nyumba ya mutoto wangu itaungua na moto," alimwambia binti yake, "na huyu atakuwa inje anapiga hodi." Binti akaniletea maneno hayo kama yalivyo, bila kupunguza hata moja. Niliudhika kweli kweli. Nikamwambia heshima si utumwa, akamwambie baba yake hivyo. Akanijibu nikamwambie mwenyewe.

Hapo ndipo kwenye kazi.

Asubuhi ya kwanza shambani Papa alitukusanya akatupa masharti. Kila mtu apunguze upepo wa matairi, maana tairi laini hutambaa juu ya mchanga na tairi gumu huchimba. Kilima kinapandwa na gari moja moja, na anayefuata anasubiri chini mpaka aambiwe apite. Kwenye redio za kuwasiliana, moja kila gari, yanasemwa maneno mafupi, kwa sababu mmoja akishika kitufe wengine wote wamezibwa midomo. Mimi, kwa kuwa bakki yangu, pikapu ya vifaa, ilikuwa gari la mwisho na miguu yangu bado ilikuwa na nguvu, niliambiwa nipande kileleni kwa miguu na redio ya mkononi, nitazame upande wa pili. Kazi yenyewe ilikuwa na maneno mawili tu. Kukiwa salama niseme pita, kukiwa na tatizo niseme simama.

Gari la pili lilikuwa la Mkenya mmoja mwenye duka la simu, mtu wa maneno mengi, ambaye tangu Bloemfontein alikuwa akiomba afungue njia yeye. Papa akamwachia atangulie. Alipanda vizuri, mimi mwenyewe nilimpigia makofi, lakini alipouona mteremko wa upande wa pili roho ikamruka, akakanyaga breki. Pua ya gari ikazama mchangani hapo hapo chini ya kilele. Injini ikazimika. Papa kule chini aliposikia kimya akadhani mwenzake ameshafika, na kwa vile subira hakupewa, akaling'oa lile gari lake jeupe la zamani na kuanza kupanda. Binti yake alikuwa kiti cha pembeni.

Nilimwona anakuja, mchanga unaruka nyuma yake, na nikajua kwamba akivuka kilele kwa kasi ile atamwangukia Mkenya mgongoni. Nikashika kitufe. Naapa neno simama lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini huyu alikuwa mzee, tena mzee ninayemtaka mtoto wake, na tangu kulipokucha sikuwa nimemwamkia kwa sababu ya shughuli za mahema. Mdomo ukaenda wenyewe.

"Shikamoo baba," nikasema, "samahani sana kwa usumbufu."

Nikaachia kitufe nivute pumzi. Papa alikuwa ameizoea salamu yetu na akiipenda mno, basi akaijibu huku injini inanguruma: "Marahaba, mwanangu. Uliamka muzuri?"

Nikamwambia nimeamka salama.

Alipotokeza kileleni akaona paa la gari la Mkenya mbele yake, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likakaa kwa tumbo juu ya ukingo wa kilima, mbele linaning'inia huku, nyuma linaning'inia kule, na matairi yanazunguka bure. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Papa akafungua mlango, akatazama chini, akaufunga tena polepole. Binti yake alinitazama kupitia kioo, na macho yale sitaki hata kuyaeleza.

"Juu ya nini haukusema simama?" Papa akauliza.

"Nilikuwa naelekea huko, baba."

Kwenye redio kilisikika kicheko kimoja kirefu. Alikuwa mama wa saluni, mwajiri wa binti, mwanamke wa Bukavu mwenye mwili wake, aliyekuwa akiendesha gari la tatu pekupeku na kutushinda wanaume wote. Alicheka mpaka akakohoa. Tulichimba saa tatu juani kuyatoa magari mawili, na mimi nilichimba kama niliyelipwa. Tangu hapo hakuna aliyefungua redio bila kuamkia kwanza. Mtu akitaka kuuliza kopo la sukari liko gari gani, anaanza na shikamoo, anaomba samahani kwa usumbufu, na magari yote yanaangua kicheko. Nilicheka nao, ningefanyaje? Lakini binti aligawa maji kwa kila mtu mkononi, na chupa yangu akaiweka chini mchangani akaenda zake. Jioni aliniambia kwamba baba yake amesema neno moja tu: "Umeona?"

Neno hilo liliniuma kuliko matusi. Nilijua sasa sina nafasi ya tatu. Papa alikuwa na hofu moja tu juu yangu, nami nilikuwa nimekwenda kumthibitishia mbele ya klabu nzima.

Siku ya pili tulikuwa tunatoka. Kati yetu na lango la shamba kulikuwa na kilima kimoja kikubwa kuliko vyote, na Papa akasema leo anatangulia yeye. Kwa hasira ya jana alikuwa ameyajaza matairi upepo tena mpaka yakawa magumu kama jiwe. Alisema milima ya Kivu ameipanda miaka ishirini na tairi zilizojaa, na tairi iliyolegea ni ya baiskeli. Masharti aliyotuwekea mwenyewe jana hayakumhusu tena. Akapanda, akafika nusu, akazama, akarudi kinyumenyume. Akajaribu tena, akaishia hapo hapo. Mara ya tatu aliishia chini zaidi.

Na unajua watu walikuwa wanasema nini kwenye redio? Pole Papa. Kidogo tu Papa. Bado mita chache, Papa, Mungu yupo. Watu wazima sita, wote wanaona matairi yale yanachimba makaburi, na hakuna anayesema. Nikagundua kwamba ugonjwa wa adabu haukuwa wa Tanga peke yake.

Mimi nilikuwa nimesimama chini ya kilima, na upepo ulipogeuka nikasikia harufu ya klachi. Fundi yeyote anaijua harufu hiyo, inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Jaribio la nne lingeimaliza kabisa, na gari lile lingebaki mchangani, siku mbili kutoka nyumbani, na hakuna gari letu hata moja lingeweza kulivuta kwenye mlima ule. Lakini nikienda kumwambia mbele ya watu wote kwamba amekosea, mbele ya binti yake pia, basi ndoa yangu naizika mwenyewe. Papa akaanza kunguruma tena.

Nikakimbia. Sikubisha kioo. Nilifungua mlango wake.

"Zima gari," nikasema. "Shuka, Papa."

Alinitazama kana kwamba mbuzi amesema. "Weye, uko nasema na mimi hivyo?"

"Ndiyo. Matairi yako yamejaa upepo na klachi inaungua. Ukijaribu tena tunakuacha hapa hapa. Shuka."

Hakuna aliyecheka. Hata Mkenya alinyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Papa alizima gari. Akashuka taratibu, akasimama pembeni mikono nyuma, nami nikapiga magoti nikatoa upepo tairi moja baada ya jingine mpaka yakabonyea ubavuni. Vidole vilikuwa vinateleza kwenye vali, na nyuma yangu nilikuwa nasikia pumzi zake. Niliiacha injini ipoe na klachi ipumzike nusu saa nzima. Kisha nikamwonyesha usukani.

"Panda. Utaendesha mwenyewe. Gia ya pili, usibadilishe, na breki usiiguse mpaka uone lango."

Alipanda. Sikutazama, naungama. Niliangalia viatu vyangu na kusikiliza injini, ikapanda, ikapanda, ikabadilika sauti, halafu ikatulia. Nilipoinua macho gari jeupe lilikuwa kileleni, na Papa ameshuka amesimama kando yake na redio mkononi, ananiashiria nije.

Kilima kile nilikipanda kwa miguu nikiwa sina pumzi wala matumaini. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi, na kila nikiyatunga yalikuwa marefu mno. Nilipofika, Papa aliniangalia kwa muda, mchanga umemjaa kwenye nyusi. Akaiinua redio mdomoni, akashika kitufe ili kila gari lisikie.

"Bon," akasema. "Jumamosi, saa nane. Ulete wazee wako kwangu."

Binti yake, aliyekuwa bado kiti cha pembeni, aliziba mdomo kwa mikono miwili. Nami, badala ya kufurahi, nilianza kuhesabu wazee nilio nao. Kwetu kama kwao, mwanamume hajiposei mwenyewe. Wanakwenda wazee, wanakaa, wanamsemea. Mimi baba yangu alikwishafariki, na wajomba zangu walikuwa Tanga, hakuna hata mmoja mwenye pasipoti. Siku nyingine ningemjibu sawa baba, halafu wiki nzima ningehangaika kutafuta namna ya kumdanganya. Siku ile sikuwa na nguvu hiyo.

"Papa, sina wazee," nikasema. "Baba yangu amekufa. Ndugu zangu wote wako Tanga. Hapa Durban niko peke yangu."

Papa alikuwa bado ameng'ang'ania kile kitufe, amesahau, na magari yote chini yalikuwa yamesikia. Alipokiachia, redio ikakoroma.

"Gari la pili hapa," ilikuwa sauti ya Mkenya. "Mimi ni baba yake mdogo."

Redio ikakoroma tena. "Gari la nne. Mjomba."

"Gari la tano, mjomba vilevile. Mkubwa."

"Gari la sita. Mimi kaka yake, nitabeba soda."

Nilisimama nikiwatazama kule chini, magari matano yamejipanga kwenye mchanga mwekundu na nyuma yao bakki yangu tupu, na machozi yakanitoka mbele ya baba mkwe wangu, wala sikuona haya. Ya mwisho ilikuja sauti ya mama wa saluni.

"Gari la tatu. Mie nilikuwa upande wa bibi harusi, lakini nimehama. Mie ni mama yake."

Binti akashuka, akamnyang'anya baba yake redio. Hakushika hata kitufe.

"Papa," akasema, "hao wametosha."