Pigo Moja Lililozidi

Kwa wiki tatu nzima za mwezi wa kumi, sisi wanaume wanne wa sauti ya besi katika kwaya yetu hapa Masasi tuliitwa walevi, na hatukuwa tumekunywa kitu. Nalisema mapema kwa sababu bado linaniuma. Ni kweli ulikuwa msimu wa mabibo, na uraka, pombe ya mabibo hayo, ulipatikana kila kona, lakini mimi Cuthbert, fundi baiskeli, niliuacha uraka mwaka aliozaliwa binti yangu Julia. Aliyetusafisha jina ni Mwalimu Selestina, na habari zake nataka kuzisimulia angali hai, maana mji huu una tabia ya kuwasifu watu wakishazikwa.

Mwalimu Selestina, au Mama Gideoni kwa wanaolingana naye, ana miaka sitini na mmoja. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, kwanza Lupaso kisha hapa mjini, na alipostaafu akafungua duka la steshenari karibu na stendi: kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti. Ni mwembamba, hutembea upesi, na akikusahihisha hukutazama juu ya miwani mpaka ujione umerudi darasa la pili. Huyo ni binti wa katekista. Alijua kusoma nota kabla hajajua kusoma gazeti.

Miaka michache iliyopita alikutana na programu ya kompyuta ya kupanga nota za kwaya. Ni programu huria: haiuzwi, na matumbo yake yako wazi, anayejua kuitengeneza huitengeneza, na asiyejua husema kilichovunjika. Mwalimu alianza kwa kulalamika. Aliwaandikia watengenezaji wake kwamba nota za chini hazisomeki. Wakamshukuru, wakamuuliza anatumia mfumo gani wa kompyuta. Akawajibu, kwa Kiingereza chake cha chuo cha ualimu, kwamba anatumia kompyuta aliyoinunua kwa Baba Felix. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe, na hucheka mpaka anavua miwani.

Tangu hapo alijifunza. Alielewa kwamba kompyuta ya dukani kwake inaendeshwa na Windows, laptopu kuukuu ya ofisi ya kanisa na Linux, na ile ya Bwana Khalidi, mwalimu wa fizikia wa sekondari, ni Mac, na kwamba kinachokubali kwenye moja huweza kugoma kwenye nyingine. Akawa mjaribuji. Toleo jipya likikaribia kutoka, huliweka kwenye mashine zote tatu, huandika wimbo uleule kote, hulinganisha mstari kwa mstari, kisha hutuma ripoti. Halipwi. Siku moja aliponiletea baiskeli yake nilimuuliza anapata faida gani.

"Baba Julia," akasema, "wewe ukishaziba pancha, huitii tyubu kwenye maji?"

"Naitia, Mwalimu."

"Unatafuta nini humo?"

"Nione kama bado inavuja."

"Basi," akasema, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Mwaka huu kamati ya kwaya ilichagua wimbo alioutunga yeye mwenyewe uimbwe na kwaya nane kwa pamoja kwenye tamasha la Newala. Haikuwahi kutokea kwetu wimbo wa mwanamke kuimbwa na kwaya zote nane. Wala hakuificha furaha yake. Alipita sokoni akiuimba, sauti zote nne, moja baada ya nyingine, na wauza mihogo wakamjibu kibwagizo.

Aliuchapa dukani kwake. Soprano, alto na tenor zikatoka salama, halafu wino ukaisha besi ikiwa bado. Akafanya tunavyofanya sote: akachomoa flashi, akaenda ofisi ya kanisa, akatoa besi kwa laptopu ya kule. Ndivyo tunavyoishi. Penye kompyuta hapana wino, penye wino umeme umekatika, na penye vyote viwili mwenye ufunguo kaenda shamba. Kwetu faili halizeekei mahali pamoja.

Mazoezi yakaanza, na besi tukachelewa. Mstari wa kwanza tuliimba sawa na wenzetu. Wa pili tukaingia nyuma yao kwa pigo moja, wa tatu kwa mawili, na wa nne tulimalizia peke yetu, wenzetu wameshafunga midomo na kutukodolea macho. Mwalimu wetu wa kwaya, Bernard, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa kamati, akapiga meza.

"Besi! Mmelala?"

"Tunaimba kilichoandikwa, Mwalimu," nikasema.

"Kimeandikwa na nani? Na uraka?"

Sabina, kiongozi wa soprano, alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia siku hiyo kila tukiingia mazoezini alikuwa akinusa hewa. Tulijitahidi. Tulikutana gereji kwangu kufanya mazoezi ya peke yetu, tukaimba vizuri kabisa, tukarudi kwa wenzetu tukachelewa vilevile. Mwishoni mwa wiki ya tatu Bernard aliishiwa na subira.

"Mama Gideoni, Jumamosi ijayo kamati itasikiliza," akasema. "Besi wakichelewa tena, Newala tutaimba wimbo wa zamani tunaoujua. Wako utangoja mwaka mwingine."

Mwalimu Selestina akachukua karatasi moja ya tenor. Alinifuata mpaka gereji, nikamsalimu shikamoo kwa sauti ya mtu mwenye hatia, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono. "Hebu karatasi yako." Akaiweka juu ya kiti cha baiskeli, akaweka na ya tenor kando yake, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. Mwisho wa kila mstari wangu palikuwa na nukta mbili, zile za kutenga mapigo, na baada yake patupu. Asiyesoma nota angedhani wino umefifia. Anayesoma anajua kwamba patupu pale ni pigo la kimya: nyamaza, hesabu moja, endelea. Nasi tulinyamaza, tukahesabu moja, tukaendelea. Wale wa sauti nyingine hawakuwa na pengo hilo.

"Hamkulala," akasema. "Hata hilo pengo mmelisoma kama lilivyo."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilijifuta uso kwa kitambaa cha grisi nikasingizia vumbi.

Bernard alipoambiwa akasema dawa ni rahisi: achape karatasi zote dukani kwake, yaishe. Mwalimu akakataa. "Na wa Lupaso je? Na wa Chiungutwa? Faili wanalo tayari, kila mmoja atachapa atakapopata. Tutafika Newala kila kwaya ina mapigo yake." Usiku uleule akatuma ripoti, pamoja na picha ya karatasi yangu.

Mkuu wa programu ile ni mtu wa Ureno. Babu yangu mzaa mama alivuka Ruvuma akiwakimbia Wareno, kwa hiyo niliposikia kwamba Mreno kaikataa ripoti yetu sikushangaa, mpaka Mwalimu aliponigombeza kwamba huyu wakati ule hata hakuwa amezaliwa. Mreno alijibu kwa adabu. Ameitazama picha, ameuandika mstari ule upya kwenye mashine yake, na hakuna kosa. Pengine mchapaji ameacha nafasi kwa bahati mbaya. Akaifunga ripoti, akaongeza kwamba toleo jipya litatoka Ijumaa.

"Bahati mbaya!" Mwalimu aliirudia siku nzima. Aliwapa wateja chenji akiisema. Alikuwa na uchungu, na nilimwonea huruma, maana wimbo wake ulikuwa unateleza mkononi hivihivi akiuona. Lakini jioni aliacha kuisema, na mimi niliyewahi kukaa darasani kwake nikajua kuna mtu atapewa mtihani.

Aliyepewa ni kwaya nzima. Jumanne saa kumi alasiri tulikuta ametutungia zoezi jipya la mistari minne, lisilo na maneno, lenye nota za kurukaruka, ili mtu asiweze kuimba kwa mazoea. Alikuwa ameliandika dukani, kisha akalizungusha na flashi na kulichapa kwenye mashine zote tatu. Karatasi ziligawiwa bila kuambiwa ipi imetoka wapi. Nyuma ya kila moja alitia alama ya penseli aliyoijua yeye peke yake. Wa kupiga makofi ya kuhesabu mapigo alikuwa Bwana Khalidi. Yeye ni mtu wa msikitini, nyimbo zetu hazijui, na ndiyo sababu Mwalimu alimtaka. "Asiyeujua wimbo hampendelei mtu," akasema. Bwana Khalidi akakunja mikono ya shati. Simu ikawekwa juu ya dirisha kurekodi.

Mstari wa kwanza, sote sawa. Wa pili, besi na tenor tukaingia. Soprano kimya, halafu hao wakaja nyuma yetu, alto pamoja nao. Nilimwona Sabina akigeuza karatasi kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Mstari wa nne besi na tenor tulimaliza, tukafunga midomo, tukasimama wima, na soprano na alto wakaendelea kuimba peke yao mbele ya Mungu na watu.

"Nani kanywa uraka?" nilipiga kelele, humo humo ukumbini mwa kanisa. Sijivunii. Kwa kweli najivunia sana.

Watu walicheka mpaka Bwana Khalidi akapoteza hesabu. Sabina mwenyewe alikuja akanipiga begani kwa karatasi yake, machozi ya kicheko yakimtoka. Mwalimu hakucheka bado. Alizigeuza karatasi nyuma akatuonyesha: zilizochapwa dukani hazikuwa na pengo, za ofisi ya kanisa na za Bwana Khalidi zilikuwa nalo. Kisha akatoa fungu la pili. Zoezi lilelile, lakini mara hii ameliandika kwenye laptopu ya kanisa na kulichapa kwenye zote tatu. Tukaimba. Hakuna aliyechelewa, tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo alipocheka.

Akamwandikia Mreno: Kosa haliko kwenye mashine yoyote. Liko njiani, wimbo unapotoka mashine moja kwenda nyingine. Akaambatisha faili la kwenye flashi na sauti yetu.

Jibu lilikuja asubuhi. Mreno alikuwa ameisikiliza mara tatu, na mara zote tatu, alisema, alicheka soprano walipobaki peke yao. Kisha akaeleza, na Mwalimu akatutafsiria. Kompyuta ikimaliza mstari huacha alama isiyoonekana. Ile ya dukani huacha mbili, zile nyingine huacha moja. Programu ilipofunguliwa kule ofisini ikaona alama moja imezidi, ikadhani ni pigo la kimya. Wao huko kila mtu huandika na kuchapa kwenye mashine yake mwenyewe, hivyo hakuna aliyewahi kuliona. Aliomba radhi kwa ile bahati mbaya yake. Mwalimu akasema amemsamehe, ila ripoti aifungue tena kwanza.

Alhamisi marekebisho yakaja. Mwalimu akazunguka na baiskeli kuyajaribu, dukani, kanisani, kwa Bwana Khalidi, na kurudi, faili likipita kila njia inayopitika. Ijumaa toleo likatoka, akazipigia simu kwaya zote saba nyingine zipakue jipya na kuchapa upya. Mreno akamweleza pia kwamba zoezi lake la mistari minne limewekwa ndani ya programu yenyewe. Tangu sasa mtu yeyote duniani akibadili chochote humo, mashine za aina zote tatu zitalipitia kwanza, na pigo likizidi, mabadiliko yanakataliwa. Zoezi limepewa jina. Linaitwa Besi ya Masasi. Nilimwomba Mwalimu anichapie jina hilo kwa herufi kubwa, na limebandikwa gereji kwangu, juu ya pampu.

Jumamosi kamati ilisikiliza. Tulipomaliza, Bernard alitujia sisi wanne, akatupa mkono mmoja mmoja. "Poleni, wazee," akasema. "Nimewakosea." Tukamwambia yamekwisha, ingawa mimi nilikaa nayo mpaka Jumatatu.

Na Newala tukapanda, Jumapili iliyofuata. Kule juu upepo ulikuwa mkali kiasi cha watu kubana karatasi kwa mikono miwili. Zaidi ya watu mia mbili, kwaya nane, karatasi zimetoka kwenye mashine ambazo hakuna aliyejua hesabu yake. Wa Chiungutwa walikuwa wamechapa zao asubuhi ileile njiani. Mwalimu Selestina alikataa kuketi mbele na wageni. Alisimama katikati ya alto, kitenge kipya, miwani imefutwa. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kuliko siku yake ya kwanza darasani.

Bernard akainua mikono. Mstari wa kwanza ukapita. Mwishoni mwake watu mia mbili wakavuta pumzi pamoja, na tukaingia wa pili kwa mguu mmoja, soprano, alto, tenor, na besi, besi ya Masasi ikiwa mahali pake. Wa tatu, vivyo hivyo. Nikamtupia jicho Mwalimu. Alikuwa ameacha kuimba. Alishika mdomo kwa mkono, analia na kucheka kwa pamoja, hawezi tena kutoa nota hata moja, na pembeni yake wanawake wa Lupaso na wa Newala, ambao hajawahi kuwafundisha, walikuwa wanaimba sehemu yake. Wimbo wake ukaenda bila yeye mpaka mwisho, na haukuchelewa.