Sindano Mbili, Uzi Mmoja

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mgodi kule Geita, Fundi Mkuu wa Ngozi hakuniuliza cheti. Vita vya wazungu vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi na makoti yao, na kila mtu akitafuta kazi. Alinitazama vidole, akanipa uzi mmoja wenye sindano kila ncha. Nyinyi wa cherehani mtacheka. Kushona ngozi kwa mkono ni hivi: unatoboa tundu kwa msharasi, chuma chembamba chenye mpini, kisha sindano zote mbili zinapita tundu hilo hilo, moja kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto. Uzi ukikatika upande mmoja, wa pili unashika. Cherehani zenu haziwezi hayo.

Uzi lazima upakwe nta. Mimi ni Msumbwa wa Runzewe, kwetu ni watu wa mizinga ya nyuki, nimekua na nta, kwa hiyo nilileta ya nyumbani nikijigamba. Nikashona nayo mkanda mpana wa kuendesha mashine ya kusaga mawe, kazi ya siku tatu. Tukauweka stoo. Asubuhi ya kuufunga tukakuta mshono umetafunwa.

Fundi Mkuu alinusa uzi. "Nta hii uliichemsha?"

"Niliikamua tu, fundi."

"Asali imebaki. Umewapikia panya."

Msimamizi wa karakana, mzungu asiyependa maneno mengi, akasema mkanda usipokuwa tayari kabla ya king'ora cha jioni, nirudi kwetu. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Niliogopa, sitaficha.

Matundu yalikuwepo tayari, lakini peke yangu nisingeumaliza. Fundi Mkuu akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa mkanda, akachukua sindano moja.

"Hiyo nyingine yako, ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Yeye akipitisha, nami napitisha, kisha tunavuta pamoja. Nikilegea, alijua kwa uzi wenyewe, akaningoja. King'ora kililia tukikaza uzi wa tundu la mwisho.

Tangu hapo mikanda yote mipana tuliishona hivyo, miaka mingi, hadi ilipoletwa ya mpira. Yeye akahamia kwenye almasi, upande wa Maganzo. Mimi nikapelekwa kushona viatu vya wachimbaji mpaka nikastaafu. Sikumwona tena. Habari ya msiba wake ilinifikia watu wameshaanua matanga, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ujuzi hauzeeki, husema watu. Vidole ndivyo vinavyozeeka. Bado nashona makubazi ya wajukuu, na nta naichemsha mara mbili. Sindano zote mbili nazishika mwenyewe siku hizi. Lakini kila nikitaka kuvuta uzi, mkono wangu husita kidogo, unamngoja wa upande wa pili.