Mashine ya Wageni

Mimi nikikasirika naongea, na nikiongea mtaa mzima wa Rhonda unasikia. Wanawake wanaokuja kusukwa katika saluni yangu wanalijua hilo, na bado wanakuja. Lakini hasira niliyo nayo siku hizi imekataa kutoka. Ndiyo maana nataka nikueleze habari za Shantel Adero, mtoto wa dada yangu, polepole, bila kelele.

Shantel alizaliwa hapa hapa Rhonda, kwa ile nyumba aliyotuachia baba yetu, mtu wa reli. Alikuwa mtoto wa kusoma. Sisemi kusoma kwa kulazimishwa, wapi! Huyu alisoma hata gazeti lililofungiwa mandazi. Ukimtuma duka la jirani angekaa huko mpaka chai ipoe, kumbe amesimama njiani anasoma karatasi iliyookotwa. Tulimtania tukimwita Wakili, naye alipenda, akainua kidevu kama mtu aliyevaa joho tayari.

Macho yalianza kumsumbua gredi ya nne. Alikuwa akiweka pua juu ya kitabu, tukadhani ni mchezo wa kitoto. Daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa kumleta. Tukaenda matone, tukaenda maombi, tukarudi matone. Siku moja alisimama mlangoni pa saluni akaniuliza, "Anti, bango lako bado ni jekundu?" Nilikuwa nimelipaka kijani, na lilikuwa juu ya kichwa chake tu. Nikamwambia ndiyo, bado ni jekundu. Halafu nikaingia nyuma ya pazia nikalia mpaka mteja wangu akaanza kuita.

Pale shuleni kuna darasa la watoto wenye mahitaji maalum, na Mungu ambariki Madam Chelimo aliyekuwa akilifundisha wakati huo. Yeye ndiye alimfundisha Shantel kusoma breli, yale maandishi ya vidoti. Mtoto akayashika upesi ajabu. Shida ikawa vitabu. Vya breli vilikuwa viwili tu, vya watoto wa gredi ya tatu, na vidoti vyake vimelala kwa kupapaswa miaka nenda miaka rudi. Kisha Madam Chelimo akahamishiwa Subukia, na hakuna mwalimu aliyeletwa mahali pake.

Basi Shantel akawa wa kusomewa. Jirani yetu Jepleting, anayekaa naye dawati moja, ndiye alimsomea darasani na jioni nyumbani. Ni msichana mzuri, simlaumu, lakini mtu huchoka. Akichoka alikuwa anaruka mstari hapa, mistari miwili pale, akidhani mwenzake hatajua. Shantel aliinua kichwa mara hiyo hiyo. "Umeruka," alisema. Na kweli alikuwa ameruka. Sijui alijuaje. Alikuwa anasikia shimo kwenye maneno, na shimo hilo lilimuuma, kwa sababu siku zote alitaka kujua kilichokuwa ndani yake.

Sasa, alipokuwa gredi ya saba, shirika moja kutoka Nairobi likaleta mashine. Ni kitu kidogo, ukubwa wa biblia ya mfukoni. Mbele ina mstari wa vishimo, na vidoti vinainuka na kushuka vyenyewe chini ya vidole, mstari huu ukiisha unakuja mwingine. Vitabu vyote vya shule vinaingia ndani kwa kadi kama ya simu. Siku ya kuikabidhi, Shantel aliwekewa hadithi, akasoma kwa vidole vyake. Nilikuwa pale. Alicheka mbele ya watu wote, akageuka upande niliokaa, akapaza sauti, "Anti, hairuki!"

Hiyo ndiyo siku ya kwanza na ya mwisho kuisoma.

Jioni ile mashine iliingia ofisini kwa Mwalimu Nicodemus, deputi wa shule, naibu wa mwalimu mkuu. Usidhani nitakuambia ni mtu mbaya. Ni mtu wa kanisa, mtaratibu, hajawahi kupoteza hata chaki ya serikali. Mashine aliisaini yeye, na hapa kwetu ukisaini kitu, kitu hicho ni shingo yako. Akairudisha katika karatasi yake ya nailoni, akaiweka ndani ya boksi lake, akafunga kabati. Shantel akiomba, anaambiwa subiri tuweke grili madirishani, wezi wa Rhonda hii unawajua. Grili ikawekwa. Subiri tupate meza yenye droo ya kufuli. Meza ikaja. Subiri mvua iishe, paa linavuja upande ule. Nilienda mwenyewe nikamwambia, "Mwalimu, mtoto anahitaji ile kitu." Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mama Maxwel, ikiharibika hatutapewa nyingine. Tunamtunzia yeye."

Na ukweli ni kwamba nilimwelewa, kwa sababu ndivyo tulivyo. Mama yetu alikuwa na vikombe vya maua kwenye kabati la kioo, vikombe vya wageni. Sisi tulikunywa chai kwa vikombe vya plastiki, yeye pia. Alivipangusa kila Jumamosi na kuvirudisha. Vilitoka vyote siku ya matanga yake, na waliokuja kutupa pole wakavisifu sana.

Mwaka huu Shantel ameingia gredi ya tisa, na mtihani ni wa mwisho wa mwaka. Yeye alitaka kitu kimoja tu: asome vitabu vyake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kabla ya mtihani huo. Alisema hivyo asubuhi na jioni mpaka mama yake akachoka kusikia.

Basi muhula wa pili, Shantel akaanza kuja saluni baada ya shule na kitabu cha Kiswahili. Ananipa nikishike, anakaa kwenye kiti cha draya, anasema, "Anti, nisikize, nikikosea uniambie." Kilikuwa kisa cha ukurasa mmoja. "Ziwa halikuja kwa kishindo. Lilikuja kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja mzee akaamka, akakuta ng'ombe wake wanakunywa maji mlangoni." Anaendelea hivyo mpaka chini, na vidole vyake vikitembea juu ya mapaja. Wateja wakawa wanampigia makofi. Nilimuuliza ni ya nini. Akasema kuna wageni wanakuja, yeye amechaguliwa. Nikadhani ni kama mashairi yale watoto hukariri mbele ya wageni. Nikafurahi, nikamsuka bure, nywele za kumeremeta.

Wageni wakaja. Tenti, viti vya plastiki, maskauti mlangoni, soda. Dada yangu na mimi tukakaa safu ya pili. Alisimama mama mmoja wa koti la bluu, mkubwa wa lile shirika, na kando yake kijana fundi aitwaye Kipngetich, amebeba begi kubwa jeusi. Mama yule akasema wanazunguka shule zote walizopeleka mashine, Subukia, Molo, sasa Nakuru, kesho Kuresoi. Pale mashine imeharibika, Kipngetich anaitengeneza papo hapo au anatoa nyingine kwenye begi. Pale watoto hawajui kuitumia, anabaki wiki nzima anawafundisha. Nikampiga dada yangu kiwiko. Nikasema ndani ya moyo, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwalimu Nicodemus akamleta Shantel mbele. Akaweka mashine mezani, juu ya kitambaa cheupe. Shantel akanyoosha mgongo, akaweka vidole juu yake, akaanza.

"Ziwa halikuja kwa kishindo."

Wewe! Vidole vinatembea kushoto kwenda kulia, vinarudi, vinatembea, na maneno ni yale yale ya kwenye kiti cha draya. Mashine ile siku ya kwanza ilikuwa na taa ndogo ya kijani pembeni. Leo hapakuwa na taa. Mtoto alikuwa anapapasa kitu kilichozimika na kusoma kwa kichwa, bila kukosea hata neno, na watu wanafuta machozi.

Nikasimama. Mimi si mtu wa kukaa. Nikakohoa ili nianze, na Shantel akanyamaza katikati ya sentensi. Anakijua kikohozi changu.

"Anti," akasema, taratibu, uso ukiwa kwenye mashine. "Tafadhali kaa."

Sijawahi kukatazwa na mtoto yule. Jinsi alivyosema, nilijua anaomba kitu kikubwa. Nikakaa. Dada yangu alikuwa ameshika sketi yangu kwa mikono yote miwili.

Akamaliza. Vigelegele vikapaa. Mama wa koti la bluu akamkumbatia, akageuka akasema kwa furaha, "Kipngetich, hapa huna kazi!" Watu wakacheka. Kijana akavuta zipu ya begi mpaka mwisho. Lile begi lilikuwa karibu na mguu wa Shantel hivi, angeweza kuligusa kwa kiatu.

Magari yalipoondoka ndipo nikamvuta kando. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Moto umeisha kwa mashine," akasema. "Deputi aliniambia imelala tu, chaja yake haionekani. Akasema nikisoma vizuri wageni wakaridhika, ananipa kabisa. Ikae na mimi. Ningekosea wangeona haitumiki, wangeichukua. Wameridhika, Anti?"

"Wameridhika," nikasema.

Na Mwalimu Nicodemus, nimpe haki yake, alitimiza ahadi. Alikuja na boksi mikononi, ameshapekua mpaka chini akaipata chaja, akamkabidhi Shantel, macho yake yenyewe yamejaa machozi. "Ni yako sasa, binti yangu. Umetutoa aibu." Mtoto alilikumbatia lile boksi njia yote mpaka saluni. Hakukubali nimbebee.

Nikachomoa draya, nikachomeka chaja. Akakaa, vidole juu ya vile vishimo, anangoja viinuke. Nilisuka kichwa cha mteja kikaisha. Akaniuliza, "Taa imewaka?" Nikasema bado. Nikasuka kingine. "Sasa?" Bado.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi wa simu. Akaifungua mgongo, akapiga mluzi. Betri ilikuwa imefura kama andazi, na uchafu wa kijani umemwagika ndani ukala nyaya. "Mathe, hii haijatumika kabisa," akasema. "Imekufa kwa kukaa. Hizi vitu zinataka kuchajiwa." Akasema yeye hawezi, niwapigie walioileta.

Nikapiga namba iliyo kwenye boksi nikiwa saluni, nimeweka spika, Shantel kando yangu. Mama wa koti la bluu akatukumbuka mara moja. "Ile shule ya yule msichana! Ai, alisoma vizuri sana, nimewaonyesha wenzangu video." Nikamweleza mashine imekufa. Akasema, "Lakini mama, si ilikuwa inafanya kazi? Niliiona kwa macho yangu." Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Halafu akasema zilizokuwa kwenye begi zimeishia Kuresoi, na shule yetu wameiandika kuwa sawa, kwa hivyo itabidi ingoje mwakani. Mwakani mtihani utakuwa umepita! Hapo sasa nilipandisha sauti, mpaka watu wakachungulia mlangoni.

Shantel akanigusa mkono. "Usimpigie kelele, Anti. Si yeye." Akatafuta mashine mezani, akaifunika na nailoni yake, akaikunja pembe vizuri. "Mimi ndiye nilisoma vizuri sana."

Nikakata simu, nikachomeka draya tena.

Jioni Jepleting alikuja na kitabu cha sayansi, akakaa karibu naye kwenye mkeka, akaanza kumsomea. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nakunja taulo, na kitabu nilikiona. Alipofika katikati ya ukurasa akapiga miayo, akaruka mistari mitatu. Nikamtazama Shantel. Aliinua kichwa, kama kawaida yake, na nikangoja aseme ameruka.

Akakiinamisha tena. Jepleting akaendelea kusoma.