Tapeli wa Bibi na Kanga Mbele ya Mashine

Enzi zetu Darsait, sinema ilikuwa Ijumaa mchana baada ya wali. Madirisha yanafungwa, mablanketi yanatundikwa kuzuia jua la Maskati, esii inanguruma bila baridi yoyote, na sisi watoto tumebanana mkekani, mikono inanata kashata. Filamu yenyewe moja tu, Babu kaja nayo kutoka Unguja. Bubu, na mwanzo wake umekatika, hata jina hatukulijua.

Lakini ububu utoke wapi, na Bibi yupo? Khalati Zuwena, mdogo wake mama, akizungusha mashine ya sinema; Bibi akiwasemea watu wa kwenye shuka tulilolitundika ukutani. Tapeli mmoja kaazima koti, limechanika mgongoni, anaposa binti wa tajiri. Akiaga, hutoka kinyumenyume! "Nna majumba matatu, bibie, na minazi haihesabiki," Bibi akisema kwa sauti nzito. Halafu kwa sauti nyembamba: "Nyoo! Na hilo koti la nani?" Tukicheka mpaka mbavu zinauma. Kila Ijumaa majumba yakiongezeka.

Ikifika mwisho, tapeli kamshika binti mkono mlangoni, Bibi huinuka, kanga puu mbele ya mashine. "Hapo mambo ya wakubwa! Kaoa, basi. Fungueni madirisha!" Wallahi nilikuwa naumia. Nilitaka kuiona harusi ile kwa macho yangu.

Sikuiona. Babu alikuwa akiiweka filamu ndani ya kopo la halua, na Idi moja mama, katika kusafisha nyumba, akatupa makopo yote ya zamani. Nililia kama nimefiwa.

Juzijuzi binti yangu kaitafuta kwenye simu siku mbili nzima. Kitu kisicho na jina utakitafutaje? Nikaenda kwa Khalati Zuwena, maana yeye alikaa nyuma ya mashine, na mwisho ule ulikuwa ukimwangukia kwenye ile kanga, akiuona.

"Harusi gani, mwanangu? Yule bwana hakuoa. Kamvua binti pete, kakimbia. Siku ya kwanza uliiona yote, una miaka minne. Ulilia mpaka ukapata homa, unauliza nani atamuoa yule dada. Ijumaa ya pili Bibi yako kaja na kanga."

Lo! Kumbe tapeli mkubwa alikuwa Bibi! Nilicheka huku machozi yananitoka. Miaka yote nilimnunia mwanamke wa watu, kumbe alikuwa ananihurumia.

Watoto wa leo kila mmoja na simu yake, filamu wanairukisha, mwanzo hawana habari nao, wanataka mwisho tu. Na wanauona wote, hakuna wa kuwawekea kanga. Niliporudi nyumbani binti yangu alikuwa mlangoni.

"Mama, khalati kasemaje? Ilikwishaje?"

"Kaoa," nikamwambia. "Fungua madirisha."