Roboti Yetu Ilikwenda Kuchota Maji

Juzi, rafiki, nilimsikia mtu redioni akisema mashindano ya roboti ya wanafunzi hayahitaji mada. Weka mipira, chora mistari, hesabu pointi, basi. Hadithi, alisema, ni mapambo. Nilizima redio. Sikubali, na sitakubali.

Nilikulia Majengo, hapa Goma, kwa nyanya yangu aliyetoka Butembo. Mabomba yalipokauka, kila Jumamosi nilishuka hadi ufukwe wa Kituku, nikarudi na maji ya ziwa, bidoni la njano, dumu la plastiki, mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mawe ya volkano yakinichoma kupitia kandambili. Harufu ya visamaki vya sambaza vilivyokaangwa ufukweni ilinitesa njia nzima.

Mwalimu wetu wa fizikia alipoanzisha timu ya roboti, mchezo wa kwanza ulikuwa kusukuma vibao ndani ya miduara. Ukumbi wa mashindano ulikuwa mtupu. Nyanya aliniuliza, "Sasa hii mashini yenu inafanya nini?" Nikamwambia inasukuma vibao tu.

Mwaka uliofuata mada ikawa maji: roboti ivuke mawe, ibebe vibidoni, ivifikishe kwenye vijumba vya mbao. Ghafla sisi wasichana tulijua tunajenga nini. Tuligombana juu ya magurudumu kana kwamba kuna mtu nyumbani anakufa kwa kiu.

Asubuhi ya mashindano, mwamuzi mgeni akaamuru mawe yaondolewe, eti yanachelewesha mchezo. Nahodha wetu, mfupi kuliko sisi wote, akapanda akaketi katikati ya meza ya mchezo.

"Papa, hapa kwetu mutu anabeba mayi juu ya mawe," alimwambia mwamuzi taratibu. "Yakitoka, na sisi tunatoka."

Mwalimu akaenda kusimama kando yake. Timu nyingine zikafuata. Mawe yakabaki.

Safari hii ukumbi ulifurika. Roboti yetu ikayumba, ikadondosha kibidoni kimoja, na akina mama wakaguna kama wamemwagikiwa wenyewe. Tulikuwa wa pili. Jumamosi iliyofuata nyanya alimtuma kaka yangu ziwani badala yangu. "Huyu mutoto iko na kazi ya mashini," akamwambia.

Leo ukumbi ule unalaza familia zilizokimbia vita. Meza yetu ilipasuliwa kuni, na ni sawa, watu walihitaji kupika. Mwalimu amefariki, nahodha anafundisha Beni. Lakini usiniambie zilikuwa pointi tu. Mwaka ule wanawake wa Majengo waliishangilia mashini, kwa sababu ilibeba mzigo wao.